Mashine Ambayo Haikuzimwa

Ukiingia kwa Mama Chapa na maneno yaliyopinda, ulitoka na barua iliyonyooka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu ujana. Alianza akiwa msichana wa kupiga taipu katika ofisi ya mizigo, chumba kimoja na wenzake wengi, mashine zikilia kama mvua ya mawe juu ya bati. Ofisi ilipokuja kuuza vitu vyake vya zamani, wenzake walikimbilia viti na makabati. Yeye alichukua taipureta aliyoizoea, akaibeba kichwani mpaka nyumbani, akaiweka katika chumba cha mbele kinachotazama barabara. Mlangoni akabandika karatasi: HAPA TUNAPIGA CHAPA. Jina likamganda, na hata mumewe akaacha kumwita kwa jina la kuzaliwa.

Wateja wake walikuwa watu wenye shida zao. Mmoja anadai kiwanja, mwingine anaomba kazi, mwingine anamshtaki jirani kwa sababu ya mfereji. Wao walisema, yeye akapiga, macho yake yakiwa usoni pa mteja wala si kwenye vidole. Mtu akipandisha hasira, alimkata kauli.

"Hapo umesema bosi wako ni mwizi."

"Ni mwizi kweli!"

"Sawa. Niandike mwizi, au niandike unachotaka akupe?"

Mteja anafikiri kidogo. "Andika ninachotaka."

"Haya. Mwizi tumwache nje, ana miguu yake."

Mimi nauza kompyuta zilizotumika. Nazinunua kwa maofisi yanapobadilisha mashine, nazitengeneza, nazipeleka kwa watu wanaojua wanachotafuta. Taipureta ilipomshinda Mama Chapa kwa kukosa utepe wa wino, mimi ndiye niliyemuuzia kompyuta yake ya kwanza, ile ya kukunja. Alinibana bei mpaka nikacheka. Mtu anayejua kubana bei namheshimu, kwa maana ataitunza mali.

Mumewe alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo hadi kiwanda kilipofungwa. Baada ya hapo alijifunza kompyuta kwa kuchokonoa. Ndiye aliyeleta mtandao nyumbani, akaweka kile kisanduku chenye taa juu ya kabati na kukibandua karatasi zote kilizokuja nazo, zenye maneno ya siri, ili asije mtu akachungulia. Neno la siri alilijua peke yake. Mgeni akiliomba, mzee alisema, "Lete simu," akaigeuzia ukutani, akaingiza mwenyewe, akairudisha. Mkewe hakuwahi kuambiwa, wala hakuuliza. Walikuwa wamegawana kazi hivyo: maneno yalikuwa ya mke, nyaya zilikuwa za mume.

Siku moja Mama Chapa aliizima mashine ilipokuwa katikati ya kujisasisha. Ikagoma kuwaka, na tasnifu ya mtu ikapotea nusu nzima. Mzee akahangaika nayo mpaka ikarudi, kisha akasema, "Mke wangu, usiizime mashine hii kama mimi sipo." Lilikuwa neno dogo la nyumbani, kama mtu anavyosema funga bomba. Halikuwa amri wala wosia.

Kisha mzee akafa. Moyo ulisimama akiwa amekaa mlangoni, anavaa viatu. Watu walipotoka makaburini na kutawanyika, Mama Chapa aliingia chumba cha mbele, akaikuta mashine inawaka. Aliyesema kama sipo, sasa hayupo kabisa. Basi hakuizima.

Mimi nilikuja kuyajua haya baadaye. Alichoamini ni kwamba neno la siri linaishi ndani ya mashine kwa sababu mashine inawaka, na kwamba ukiizima, itaamka imesahau, na mtu wa kuikumbusha hayupo tena duniani. Na kazi zake sasa zilikuja kwa mtandao. Mawakili walituma sauti zao, wanafunzi wakatuma picha za kurasa walizoandika kwa mkono, naye anapiga, anarudisha. Mtandao ukikatika, hana kazi. Aliipigia simu kampuni ya mtandao. Wakamjibu kwamba laini ni ya mumewe, aje mwenyewe.

"Nikawaambia hawezi kuja, amefariki," alinisimulia. "Yule binti wa kampuni akasema, basi apige simu."

Kampuni ilitaka cheti cha kifo, na cheti alikuwa nacho shemeji yake, mdogo wa marehemu. Kila akiulizwa, shemeji alisema kipo mahali salama.

Shemeji naye alikuwa na hesabu zake. Nyumba ilikuwa ya wazazi wao, na mwanawe alikuwa kinyozi mwenye viti na vioo lakini asiye na mlango wa kufanyia kazi. Msiba ulipopoa alikuja, akasimama katikati ya chumba cha mbele.

"Shemeji, chumba hiki kinatazama barabara."

"Kinatazama tangu kilipojengwa."

"Nilikuwa nafikiri, wewe ungehamia kule ndani ukapumzika. Umechapa vya kutosha."

"Chumba kina kazi, shemeji."

"Na kazi ikiisha?"

"Ikiisha, chukua."

Wakapeana mikono. Kama mapatano, yalikuwa mazuri kwa upande wa mama, maana hakuahidi tarehe. Ila yalikuwa na tundu. Kazi yote ilining'inia kwenye mashine moja ambayo haikupumzika miezi na miezi, na mashine si punda, haikuonyeshi kwamba imechoka mpaka ianguke.

Aliponiita, nilisikia mlio wa mashine kabla sijavuka kizingiti. Feni yake ndani ilikuwa inakoroma. Skrini ina mistari. Kibodi imekufa herufi moja, akachomeka nyingine pembeni.

"Herufi gani imekufa?"

"A."

"Hiyo ni moja tu, mama."

"Niondolee a kwenye Kiswahili, uone kitakachobaki."

Chini ya meza palikuwa na betri kubwa ya kuhifadhi umeme, ya gharama kuliko mashine yenyewe, aliyoinunua ili umeme ukikatika mashine isizimike. Pembeni ya meza palikuwa na mkeka na mto. Alihamia kulala pale, sikio likiwa kwenye feni. Nilimwona amekonda. Nilitoa mashine niliyomletea, nikaiweka mezani, nikataja bei.

"Hiyo ni bei ya mpya," alisema.

"Mpya huijui bei yake, mama."

"Na hii yako inaingia mtandaoni?"

"Ukinipa neno la siri."

Ndipo akanieleza yote niliyokwisha kuyasema hapa, kwa sauti ile ile anayotumia kumsomea mteja barua yake. Akamalizia kwamba jana mashine iliganda tangu asubuhi hadi jua kuzama, wateja wakarudishwa, na shemeji akapata habari.

Alikuwa hajamaliza kusema, shemeji mwenyewe akaingia. Mtu mpole, mrefu, ana utepe wa kupimia mkononi. Akasalimia vizuri, akaniuliza habari za biashara, halafu akaanza kupima ukuta.

"Shemeji, hujangoja hata nife?" Mama Chapa alimwuliza.

"Napima tu. Kupima hakuhamishi mtu."

"Mchimba kaburi naye hupima tu."

Shemeji akacheka kidogo, lakini utepe hakuukunja. Aliushikiza ukutani kwa kidole gumba, pale ambapo kioo kingekaa.

Nikamwambia mama mapatano yangu. "Neno la siri nitakutolea humo humo kwenye mashine. Nikilitoa, unachukua hii kwa bei niliyotaja. Nisipolitoa, naibeba narudi nayo, hunidai na sikudai."

"Utaizima?"

"Siizimi."

"Ukiizima, mwanangu, nakuapia, hutotoka humu na meno yako."

"Siizimi, mama."

"Bei ile ni pamoja na begi na chaja?"

"Begi ni lako."

"Na kibodi?"

"Kibodi si ..."

"Na kibodi," alisema, na hilo likawa limepita.

Nilikaa. Alisimama nyuma yangu, mkono wake umeshika mgongo wa kiti. Kazi yenyewe si kubwa. Nilifungua mipangilio ya mtandao, nikaenda kwenye mtandao uliounganishwa, nikafungua sifa zake, kisha sehemu ya usalama. Pale neno la siri lilikuwa limefichwa kwa mstari wa vidoto vyeusi. Chini yake palikuwa na kisanduku kidogo cha kuonyesha herufi. Nikakitia alama. Mashine ikafikiri, feni ikapanda sauti, na mkono nyuma yangu ukakaza kiti. Kisha vidoto vikageuka maandishi.

Mama Chapa aliyasoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu.

"Ufumaji, mbili sifuri nane moja saba."

Utepe wa shemeji ulijikunja wenyewe kwa mlio. Aliuachia.

"Hiyo ni namba yake ya kazini," mama alisema. Hakuwa akimwambia mtu. "Idara na namba. Nimeipiga juu ya kila barua tuliyoandika kudai kiinua mgongo chake. Juu kabisa, upande wa kulia. Vidole vyangu vinaijua kuliko vinavyoijua namba ya simu yangu."

"Walijibu?" niliuliza.

"Kiwanda kilichofungwa, anajibu nani?"

Shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja. Utepe ulikuwa miguuni pake. "Mimi ni mbili sifuri nane moja nane," alisema. "Tulipanga foleni ya kuajiriwa siku moja. Yeye alikuwa mbele yangu."

Nje lilipita gari la maji. Mimi nilikuwa na wateja wengine wa kuwafikia, lakini hata mtu wa biashara anajua pale ambapo kuondoka ni kukosa adabu. Nikajishughulisha na waya.

Mama Chapa ndiye aliyeanza. Alinisogeza, akakaa mbele ya mashine mpya, akaitafuta njia ya mtandao, akaingiza neno la siri bila kutazama vidole. Ikaunganika, akafungua barua pepe yake. Kazi za tangu jana zikaanza kushuka, moja juu ya nyingine. Akazitazama zinavyoingia, halafu akamgeukia shemeji yake. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, kazi haijaisha."

"Nimeona."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana, shemeji. Sikatai."

"Basi kuna jingine. Laini ya mtandao bado ni ya marehemu. Siku watakayoikata, tutarudi hapa hapa, wewe na utepe wako, mimi na mkeka wangu. Naomba cheti."

"Nitakuletea kesho."

"Leo. Mahali salama pako si mbali."

Shemeji alifuta uso kwa kiganja. Nilidhani atabisha, maana kumwachia cheti ni kujifungia mlango mwenyewe, naye alilijua hilo. Akainama, akaokota utepe wake, akautia mfukoni.

"Kijana atasema nini?" aliuliza.

"Mwambie aje aniandikishe barua. Manispaa wana vibanda vile vya sokoni, havijapata watu. Nitampigia bure. Ila asije na hasira."

Shemeji akatoka. Tulisikia viatu vyake vikizunguka nyumba kuelekea upande wake.

Nilipoanza kukusanya vyombo vyangu, mama aliigusa mashine ya zamani kwa kiganja, kama mtu anayepima homa.

"Niambie ukweli, mwanangu. Ningeizima siku ile ile tuliyotoka kuzika, ingesahau?"

Ningeweza kumpa jibu la kumfariji. Lakini mama huyu miaka yote alikuwa akiwaambia watu ukweli wa barua zao, na mashine za namna hii nimeziona nyingi.

"Isingesahau. Neno limehifadhiwa ndani. Ungeizima mwaka mzima, ikiwaka inaunganika yenyewe."

Alitikisa kichwa polepole. Aliangalia mkeka, akaangalia betri chini ya meza.

"Usiku wote ule," alisema.

"Ndiyo."

"Sikujua nilikuwa namlinda nani." Akavuta pumzi. "Unanunua na hii?"

"Kwa vipuri tu. Bei ya vipuri."

"Na neno la siri litakwenda nalo?"

"Litabaki humo mpaka lifutwe."

"Nionyeshe linavyofutwa."

Nikamwonyesha. Pembeni ya jina la mtandao palikuwa na kitufe cha kuufanya usahaulike. Nilimsogezea kibodi, akabonyeza mwenyewe. Jina likatoka kwenye orodha. Kisha akaizima, kwa utaratibu, kama inavyotakiwa, akangoja mpaka skrini ikawa nyeusi. Feni ilishuka, ikashuka, ikanyamaza. Chumba kilikuwa kimya kiasi cha kumsikia mtoto wa jirani akihesabu nje.

Mimi niliifunga mashine, nikaitia kwenye mfuko. Hatukuzungumza bei ya vipuri. Tuliipatana siku nyingine, na alinibana vilevile.

Shemeji alirudi na bahasha ya kaki, akaiweka mezani bila neno. Mama Chapa aliifungua, akasoma cheti chote toka juu mpaka chini, mpaka mahali pa mhuri. Kisha akafungua ukurasa mtupu kwenye mashine mpya, akaweka cheti pembeni pale anapoweka karatasi za wateja, akaanza kuipigia kampuni ya mtandao barua kuhusu laini ya mtu aliyefariki. Macho yake yalikuwa kwa shemeji yake.

"Kaa," alimwambia. "Panahitajika shahidi wa familia."