Vitundu kwenye Boneti ya Meneja

Siku ya kwanza nilifika gerejini Korogwe nimevaa kanzu. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, nami nilitoka kwetu Sindeni nikiamini kwamba kupaka rangi magari ni kazi safi ya kukaa kivulini. Fundi Mkuu, Mhindi mmoja mnene asiyesema neno kabla ya chai, alinitazama juu mpaka chini, akanipa gunia la kujifunga kiunoni na kipande cha msasa. Miezi mitatu sikugusa rangi. Nilisugua tu.

Ninyi vijana mkiona gari linang'aa mnaisifu rangi, wakati kazi yote imefanywa na msasa. Bati husuguliwa kwanza, likapakwa rangi ya msingi, ile ya kijivu inayoshikana na bati, likasuguliwa tena kwa msasa wa maji. Kisha hufutwa kwa tina, dawa kali inayoondoa mafuta, ndipo rangi yenyewe inapopulizwa. Mafuta ndiyo adui. Yakibaki hata kidogo, rangi huyakimbia na kuacha vitundu vya duara, ambavyo sisi tuliviita macho ya samaki.

Kufuta kwa tina ilikuwa kazi yangu. Kuosha magari ilikuwa kazi ya Mzee Petro, mtu wa Songea aliyekuja ujanani kukata mkonge, mgongo ukamchoka, akapewa ndoo na matambara. Alikuwa na watoto sita. Kila asubuhi nilimwamkia, naye kila asubuhi alinitania kwamba Wazigua tunanukia kuliko bibi harusi. Nilikuwa nimeoa karibuni, na mke wangu Mwanahawa hakuniacha nitoke nyumbani bila kunipaka mafuta ya nazi.

Jumamosi moja tulimaliza gari jeusi la meneja wa shamba la mkonge, ambalo angelichukua Jumatatu. Rangi ilipokauka, katikati ya boneti palikuwa na vitundu tele. Fundi Mkuu aliuliza nani ameleta mafuta. Nikasema ni tambara la Mzee Petro, kwa kuwa lilinuka mafuta ya taa, na wallahi niliamini nilichokisema. Alifukuzwa pale pale. Aliegemeza ndoo yake ukutani, akatuaga mmoja mmoja, akaenda zake.

Kisha Fundi Mkuu akafungua ile boneti, akaniambia niende nayo nyumbani pamoja na rangi na vifaa, nikaitengeneze, kwa kuwa Jumapili gereji hufungwa. Ikirudi nzuri, nitakuwa fundi. Ikirudi mbaya, nirudi Sindeni nikalime.

Niliibeba kichwani mpaka chumba nilichopanga, kando ya njia ya Mashewa, na majirani wakauliza kama nimenunua gari kwa vipande. Asubuhi Mwanahawa alinyunyizia ua maji ili vumbi litulie. Nikachuchumaa na chaki, nikazungushia kila kitundu duara jeupe nisije nikakiruka kimoja. Mwanahawa alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hebu simama uangalie," akasema.

Nikasimama. Yale maduara yalikuwa yamechora kiganja na vidole vitano, na cha mwisho kimepinda.

"Weka mkono wako hapo."

Nikauweka, ukaenea wote, pamoja na kidole changu kidogo kilichopinda tangu nilipoanguka mtini utotoni. Nilikuwa nimefuta bati vizuri, halafu nikaliegemea ili nifike upande wa pili, na mafuta ya mke wangu mkononi. Niliona aibu.

Kazi niliifanya hata hivyo. Nilisafisha kila kitundu kwa pamba yenye tina, nikadondoshea rangi kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, ikakauka, nikadondoshea tena mpaka ikainuka kidogo kuliko bati. Alasiri nikasugua kwa msasa wa maji uliozungushiwa kibao, na sabuni ili usikwaruze, kisha nikang'arisha kwa kitambaa laini. Jioni ungeweza kunyolea ndevu kwenye ile boneti. Chaki ilikuwa imeondoka na maji, na ushahidi nao.

Jumatatu Fundi Mkuu aliikagua huku na huku, akasema tangu leo mimi ni fundi. Nikamwambia mafuta yale yalitoka mkononi mwangu, si kwenye tambara la mzee. Akaiweka boneti chini.

"Nani ameona?"

"Mimi na mke wangu."

"Basi kamlete mzee. Na ndoo yake utaibeba wewe mpaka nitakaposema."

Nilimkuta Mzee Petro anafunga mizigo, mkewe analia. Nikamweleza yote, macho chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akakaa juu ya mzigo.

"Kumbe nimefukuzwa na nazi," akasema.

Niliosha magari mwaka mzima, naye akinisimamia kama meneja. Baadaye nilihamia karakana ya serikali Handeni, chini ya Bwana Mkaguzi aliyetaka malori yang'ae katikati ya vumbi lile, na huko ndiko nilikostaafia.

Magari niliyoyapaka yameliwa na kutu, sina hata moja la kuwaonyesha. Mzee Petro alibaki pale Korogwe mpaka mwanawe wa sita akamaliza shule. Mimi ufundi niliupata mwaka mmoja baada ya siku niliyopewa, na sijawahi hata mara moja kujuta kuchelewa.