Siku Nilipochora Mpaka wa Mto kwa Chumvi

Nisikilize vizuri, na kama una hamu ya kunicheka anza sasa hivi, usijibane, maana hapa Nyabusozi wamekwisha kunicheka wote, kuanzia watoto wa darasa la kwanza hadi katekista wetu, na hata mimi siku hizi nacheka nao, ingawa wiki ile nilikuwa nakwenda sokoni kwa njia ya nyuma ili nisikutane na mtu. Aibu yenyewe ni hii: nilisimama mbele ya mgeni rasmi kutoka wilayani, mbele ya wakulima na wafugaji wa kijiji kizima, nikiwa na kipaza sauti mkononi, nikaeleza jinsi ya kuwazuia ng'ombe wasiende mtoni, na wakati huohuo nilikuwa nimewaandalia karamu ya kuwapeleka hukohuko.

Ngoja nikueleze polepole ndiyo utaelewa. Mimi ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi, na ndiye mlezi wa klabu ya mazingira. Mto wetu ni mdogo (una jina lake, lakini sisi tunauita Mto tu kwa kuwa hatuna mwingine), na miaka hii ya karibuni ukichota ndoo asubuhi, tope linalotuama chini linatosha kukandika ukuta. Sababu hazikujificha. Wakulima walilima mahindi mpaka kwenye kingo, na wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga na Mwanza waliteremsha ng'ombe palepale, kwato zikabomoa kile ambacho jembe lilikuwa limebakiza. Sheria inataka shughuli zote zikae mita sitini kutoka kwenye maji, na kila upande uliijua sheria hiyo vizuri sana, hasa pale ilipomhusu jirani.

Tulikaa vikao mpaka benchi za ofisi ya kijiji zikalegea, na mwisho tukafika kwenye neno moja. Kule juu, nje ya hizo mita sitini, palikuwa pamejengwa birika la kunyweshea mifugo, maji yanafika kwa bomba kutoka chemchemi ya mlimani. Wafugaji wakikubali kunyweshea pale, wakulima nao watarudisha mashamba nyuma. Wasipokubali, hakuna atakayeng'oa hata shina moja la muhindi.

Wafugaji wote walikuwa wanamtazama Mzee Luhende, Msukuma mrefu, mpole, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Nilimwendea nyumbani mara nyingi kuliko nilivyokwenda kwa mama mkwe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja na mto tena?"

"Nimekuja nao, mzee."

"Mimi nimekuelewa tangu siku ya kwanza," akasema. "Ng'ombe ndio hawajakaa kikao. Wamezoea mto tangu ndama. Nitamchapa ng'ombe kila siku kwa kumkataza maji anayoyaona kwa macho?"

Basi tukapatana hivi: siku ya mkutano alete kundi lake. Ng'ombe wakinywa birikani mbele ya watu, yeye na wenzake wanakubali. Wakishuka mtoni, kila mtu arudi alikozoea, na mto nao urudi kwenye tope lake. Mwenyekiti wa kijiji akarudia maneno hayo kwenye mkutano wa hadhara ili asije mtu kuyageuza.

Sasa, mpaka lazima uonekane, siyo? Mtu huwezi kumwambia "usivuke hapa" akakuuliza "hapa wapi?" ukaanza kuonyesha kwa kidole. Nikataka mstari mweupe, ulionyooka, mtu auone hata akiwa barabarani. Nikaenda stoo ya shule kuchukua chokaa, nikakuta imekwisha, imechorewa kiwanja cha mpira. Na hapo ndipo akili yangu ikaniletea wazo, nami nikalipokea kwa mikono miwili: shemeji yangu ana duka, na dukani kwake palikuwa na magunia ya chumvi yaliyolowa mvua, yakaingia mchanga, hayauziki. Nyeupe. Ya bure. Nikakodi bodaboda, tukapakia magunia tukaenda. (Najua, najua, mwalimu wa sayansi anajua kwamba chumvi na mimea havipatani, nilijiambia nitaimwaga nyembamba tu. Kwamba chumvi na ng'ombe vinapatana mno, hilo halikunijia kabisa, na nimekulia kwenye nyumba yenye zizi.)

Asubuhi na mapema nikapima mita sitini kutoka kwenye maji, nikamwaga mstari wangu, kutoka usawa wa daraja hadi usawa wa kichaka kikubwa cha matete. Ulipendeza. Ulipendeza hata nikapata tamaa, na kwa kuwa chumvi ilikuwa bado ipo nikaandika chini, mbele ya turubai la wageni, kwa herufi kubwa kama za ubaoni: MIFUGO MWISHO HAPA. Nikajifuta mikono kwenye kitenge changu kipya. Kumbuka hicho kitenge, tutakirudia.

Watu wakajaa. Wakulima wakakaa upande mmoja, wafugaji upande mwingine, kama harusi ya familia zisizopatana. Mama Jovina, ambaye shamba lake ndilo lililokuwa karibu zaidi na maji na mdomo wake ndio uliokuwa karibu zaidi na mimi, akanionya, "Mwalimu, hao ng'ombe wakila mahindi yangu leo, nitakulima wewe." Nikamwambia, "Mama Jovina, tulia uone elimu inavyofanya kazi." Hilo nalo linanirudia usiku.

Wanafunzi wangu wakasema ngonjera, mgeni rasmi akapiga makofi, nami nikachukua kipaza sauti nikaanza kueleza: udongo wa juu ndio wenye rutuba, mizizi ndiyo inayoushika, maji ya mvua yakikuta nyasi yanatembea na yakikuta ardhi tupu yanakimbia. Watu walikuwa wananisikiliza kweli. Kisha nikanyoosha mkono kuelekea mlimani, ambako Mzee Luhende alikuwa anateremka na kundi, nikasema, "Sasa mtaona ng'ombe wenyewe wakiheshimu mpaka."

Mbele ya kundi alikuwa dume mmoja mwekundu mwenye kengele shingoni, jina lake Meneja. Meneja alifika birikani. Akasimama. Akainamisha kichwa, na mimi moyo ukajaa furaha. Halafu akainua pua, akanusa upepo unaotoka huku chini, akaliacha birika kana kwamba ni jiwe, akateremka kwa mwendo wa mtu anayewahi msosi. Wengine wote wakamfuata. Walipofika kwenye mstari wangu walisimama kweli (hapo wanafunzi wakapiga makofi, Mungu awabariki), wakajipanga kwa urefu wake, bega kwa bega, vizuri kuliko darasa langu lolote kwenye paredi ya asubuhi, na wote kwa pamoja wakaanza kuulamba.

Nilichelewa kuelewa. Niliendelea kusema kwenye kipaza sauti, "Mnaona, wamesimama, wamesimama," mpaka Mama Jovina akaniambia kwa sauti ya huruma, "Mwalimu, wanakula mpaka wako."

Watu wakaanza kucheka, kwanza upande wa wakulima, kisha pande zote. Meneja, kama kawaida ya viongozi, akaona kwamba mbele ya wageni ndiko kwenye donge nono zaidi, akaenda kwenye maandishi. Alianzia katikati. Mgeni rasmi akainua miguu juu ya kiti, na Meneja alipomaliza sehemu yake kilichosomeka pale chini ni MIFUGO HAPA.

Nikajitosa kumfukuza. Hapo mtamba mmoja akanusa kitenge changu, kile nilichofutia mikono, akaukamata upindo akaanza kuufyonza kwa upendo mkubwa. Nikavuta, akavuta. Nikarudi nyuma, akanifuata, nikazidi kurudi nyuma, mita sitini nzima, bila kutazama ninakokwenda, na ninakokwenda ni mtoni, kwenye ukingo uleule ambao kila wiki nawaambia watoto wasiukanyage kwa sababu umelainika. Ukingo ukaporomoka. Nikaingia kwenye tope hadi kiunoni, na kipaza sauti bado kiko mkononi, hakijazimwa, kwa hiyo kijiji kizima kikasikia kwa sauti iliyokuzwa, "Mama Jovina nishike nakufa."

Na unajua ng'ombe akishalamba chumvi anataka nini? Maji. Walipomaliza mstari waliteremka wote, wakanipita kushoto na kulia, wakanywa mtoni. Kundi zima. Mama Jovina alinivuta kwa mikono yote miwili, na nilipofika nchi kavu nikaona Mwenyekiti anakunja karatasi yake ya hotuba. Wafugaji walikuwa wamekwisha kusimama. Mzee Luhende alinitazama, hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mwalimu, tulipatana," akasema. "Wameshuka mtoni."

Nilikuwa natiririka tope, na vikao vyote vile vilikuwa vinakwenda na maji mbele ya macho yangu.

Mama Jovina ndiye aliyeshindwa kunyamaza. Hakuwa anatafuta suluhu, alikuwa anatafuta ugomvi. "Mzee Luhende, wape pole watoto wako, hawajala siku nyingi. Kama chumvi wanaitamani hivyo, si ungewawekea huko juu kwako, wakae huko wailambe na birika lao, watuachie mto wetu?"

Wakulima wakacheka. Mzee Luhende hakucheka. Akaniuliza, "Imebaki?"

"Imebaki gunia halijafunguliwa, mzee. Lipo nyuma ya turubai."

Vijana wawili wakalibeba hadi kwenye birika, wakamwaga chumvi kidogo juu ya mawe. Meneja, maji bado yanamdondoka mdomoni, akageuza kichwa. Akapanda. Kundi likapanda nyuma yake, likalamba, na baada ya muda mrefu (mimi wakati huo nimevishwa khanga ya Mama Jovina) Meneja akasogea hatua chache, akatumbukiza mdomo birikani, akanywa.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Nitakubali," akasema Mzee Luhende. "Lakini chumvi ya kila wakati ataleta nani?"

Kisha Mama Jovina, kwa sauti ya mtu anayekubali kwa kulazimishwa na mdomo wake mwenyewe, akasema, "Ninyi mtupatie samadi, sisi tutaleta chumvi. Na mimi narudisha shamba nyuma, ila nivune kwanza."

Hivyo ndivyo walivyopatana, na hotuba ya Mwenyekiti haikusomwa kabisa. Leo kingo zimeanza kuota nyasi. Baada ya mvua maji yanachafuka, lakini yanatakata mapema kuliko zamani. Mimi watoto wananiita Mwalimu Chumvi, naitika. Kitenge kina tundu kwenye upindo. Na nimeapa kwamba sitachora tena mpaka kwa kitu chochote ambacho hata panya anaweza kukila.

Basi na wewe, ukiwa na mto na ng'ombe, fanya hivi: kwenye mpaka panda minyaa, ambayo ng'ombe haigusi, na chumvi iweke juu kule karibu na birika, ndani ya boksi la mbao lililoinuliwa kutoka chini na lenye paa dogo, mvua isije ikaiteremsha mtoni. Kisha nawa mikono kwa maji mengi kabla ya kugusa nguo yako.