Kisu Changu na Mbuzi Waliopiga Magoti

Nilikuta mbuzi wa mama mkwe wanakula majani wamepiga magoti.

Wote. Hadi yule mweupe wa maziwa.

Nikacheka. "Mama, hawa wameanza kusali lini?"

"Cheka tu, baba. Mweupe akinifia, mjukuu wangu atakunywa nini?"

Mjukuu huyo ni yatima wa shemeji yangu. Maziwa ya mbuzi yule ndiyo yanamkuza.

Nikamshika mweupe mguu wa mbele. Kati ya kwato kumeoza, harufu inakata pua. Mbuzi akiumwa hivyo, kusimama hawezi, anakula kwa magoti.

Sasa mimi mdomo wangu hauna breki. Na majirani walishajaa pale.

"Banda limelowa mkojo! Mama, unafuga mbuzi au unafuga tope?"

Watu wakaangua kicheko. Mama mkwe akainama, akachukua ufagio.

Nikachomoa kisu nianze kuchonga kwato.

Mara akaingia daktari wa mifugo. Mke wangu ndiye aliyemwita.

"Subiri kwanza, kaka. Hicho kisu ulikitumia wapi?"

"Kwa mbuzi wangu. Nao wanachechemea."

"Ukakiosha?"

"Nilikifuta kwenye suruali."

"Na hawa, umewahi kuwachonga?"

"Mwezi uliopita. Walikuwa wazima, nilikuja kuwapunguza kwato tu."

"Wakati huo wako walikuwa wameshaanza kuchechemea?"

Nikakishusha kisu. Walikuwa wameshaanza.

"Ugonjwa huu unaambukiza," akasema. "Umeuleta wewe."

Hakuna aliyecheka.

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, ulijua?"

"Nilihisi. Wa kwanza kuchechemea ni mweupe, na ndiye uliyeanza naye. Ndiyo maana nikamwambia mkeo amwite daktari."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbele ya watu, baba? Wewe ni mkwe wangu."

Nilitamani nami nipige magoti kwenye lile tope.

Nilikwenda kwake kila asubuhi, nikatia mrututu, ile dawa ya buluu ya kwato, kwenye maji, nikamlowesha mweupe miguu mpaka akasimama.

Wafugaji wenzangu, anzeni na wazima, mmalizie na wagonjwa. Kisu kioshwe kwa dawa kila baada ya mbuzi mmoja. Na kabla hujamsema mtu banda lake, kagua ulichoingia nacho.

Mpaka leo mweupe akiniona anakimbilia nyuma ya mama mkwe.

Mama mkwe yeye ananiletea kiti.

Bora angenifukuza.