Chini ya Kitanda

Jumanne, jua kali na upepo. Leo fundi alijaribu king'ora cha moshi bwenini. Wanafunzi wakatoka mbio, nami mpishi wao nikabaki ndani, nikikumbuka moto mwingine.

Mchana mmoja katika kambi ya wakimbizi, nikiwa mdogo, watu waligonga sufuria kuonya kuna moto. Harufu ya turubai linaloungua ilikuwa karibu. Mimi nilidhani wenye bunduki wamerudi. Nikamvuta mdogo wangu chini ya kitanda, nikamziba mdomo kama tulivyofanya njiani tukikimbia. Labda nakumbuka vibaya, lakini mama aliita sana, nami sikujibu.

Alitukokota nje akitushika miguu. "We mtoto, moto si askari! Ukinyamaza haukupiti. Ukisikia sufuria, toka nje!"

Simlaumu jirani aliyeacha jiko likiwaka, upepo ulizidi. Jioni mama hakuwasha moto. Tulikula uji baridi wa asubuhi.