Mwalimu Odilia na Mchawi Asiyekua

Pale mjini Paso del Ceibo hakuna mtu aliyeweza kusimulia jambo mbele ya Odilia Etcheverry likapita salama. Ukimweleza jinsi ng'ombe wako alivyotoroka, atakuuliza kilele kiko wapi. Padri akishuka mimbarani, atamngoja mlangoni amwambie kwamba mahubiri yalianza vizuri ila katikati yamelegea. Harusi ya binti wa mwokaji aliipa alama ndogo kwa sababu mambo yalikwenda sawa mno, hapakuwa na kikwazo hata kimoja. Na marehemu mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akimtaja kwa masikitiko kama mhusika aliyefikia ukurasa wa mwisho bila kukua hata kidogo.

Alikuwa amestaafu ualimu, lakini ualimu ulikuwa haujamwacha. Kila Alhamisi alasiri aliendesha chama cha wasomaji kwenye maktaba ya mji, na kabla hajavua koti huchora ubaoni ule mlima wake. Chini kushoto mtoto anaitwa safarini, anakataa, anapandishwa kwa majaribu, anafika kileleni, anashuka upande wa pili akiwa mtu mwingine. Hadithi isiyopanda mlima huo, kwake haikuwa hadithi. Na mhusika asiyebadilika alimwita mhusika wa karatasi, tusi kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo.

Yeye mwenyewe miaka yote alikuwa yuleyule: kiti kilekile, skafu ileile, mnuno uleule.

Maana Odilia alikuwa na mdogo wake, Elbia, na Elbia naye hakukosa hata Alhamisi moja. Waliketi duara moja na hawakusemeshana. Odilia ndiye aliyekuwa akimimina maji ya moto kwenye kibuyu cha chai ya majani machungu, akinywa wa kwanza kama desturi inavyotaka, kisha kibuyu na mrija wake vinazunguka mkono kwa mkono. Vikifika kwa Elbia, vinapita mbele ya pua yake kwenda kwa jirani. Elbia alijiletea kahawa yake kwenye chupa, akainywa akitazama dirishani.

Kisa chake mji mzima unakijua. Siku ya mazishi ya mama yao Elbia alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana yake, mikono inamtetemeka, akachukua kibuyu cha mama akatia kijiko cha sukari. Kibuyu cha mama, kilichozoezwa uchungu tangu siku kilipokatwa! Odilia alimpokonya mbele ya waombolezaji, akakikwangua ndani, akakianika juani, akakibeba kwake. Tangu siku hiyo, kama kuna la lazima, hupitishwa kwa Zulma, mkutubi. "Zulma, mwambie huyo mama amekalia miwani yangu." Na Zulma humwambia.

Sasa Elbia alikuwa ameuza nyumba. Jumamosi angepanda basi kwenda Montevideo kukaa kwa binti yake, na kwa umri wao kila mtu alielewa kwamba hiyo ndiyo safari ya kutorudi. Odilia alipoambiwa, alijibu, "Basi la saa ngapi?" halafu akabadili mazungumzo. Lakini usiku hakulala, na hilo hakumwambia hata Zulma.

Alhamisi hiyo walijadili riwaya ya watoto iliyoandikwa na mmoja wao. Sheria za chama ni kali: kazi inaletwa bila jina, na mwandishi, awe nani, hafungui mdomo mpaka Mwalimu agonge chaki mezani na kusema mjadala umefungwa. Mwalimu hakuwa na haraka ya kugonga. Safari hii alishajiamulia kwamba mwandishi ni Yamandú, mwenye bucha, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na ng'ombe watatu wanaosema.

Riwaya yenyewe ilihusu msichana Irupé anayekwenda kuikomboa mvua iliyofungiwa na mchawi mnarani.

"Huyu mtoto anakua," Odilia alisema, akipandisha chaki mlimani. "Mwanzoni anaogopa hata kivuli chake, hapa anavuka mto, hapa anamsamehe yule ng'ombe mwongo. Safi. Lakini mchawi! Jamani, mchawi huyu ni karatasi tupu!"

Zulma alianza kufuta meza iliyokuwa imeshafutwa.

"Amejifungia mnarani miaka yote hiyo kwa sababu gani? Eti mdogo wake alitia asali kwenye chungu! Hebu niambieni, nani mwenye akili zake anamnunia nduguye maisha kwa ajili ya asali? Mwandishi hajui watu."

"Lakini Mwalimu," Yamandú alisema polepole, "kilikuwa chungu cha mama yao."

"Hata kama!"

"Na hakikuwahi kutiwa kitu kitamu."

"Hata kama, Yamandú! Mama ndiye aliyekufa, siyo chungu! Mdogo mtu yuko hai, ana njaa, anatetemeka, na huyu mjinga anahangaikia..."

Akakwama. Neno "anatetemeka" halikuwa kwenye riwaya. Aliliangalia lile duara, akamwona Yamandú ameinamia viatu vyake, Zulma amekumbatia kitambaa, na Elbia ametulia tuli, midomo ameibana kama mwanafunzi mtiifu. Mkono wa kushoto wa Odilia ulikuwa juu ya kibuyu, kilekile cha mama. Damu ilimpanda usoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kufundisha, alitamani kengele ilie.

"Ukurasa wa mwisho," alisema. "Nisomee, Zulma."

Zulma alisoma. Mvua imerudi, Irupé yuko kwao. Mdogo wa mchawi amesimama chini ya mnara na sanduku lake, anatazama juu. Basi, hapo ndipo mwandishi alipoachia.

"Haijaisha," Odilia alisema.

"Haijaisha," Yamandú alikubali. "Sasa Mwalimu, mchawi afanye nini? Aombe radhi?"

"Maneno hayatoshi. Nimewafundisha nini hapa? Mhusika anakua kwa..."

"Kwa tendo," walijibu wote, isipokuwa Elbia, ambaye hakuruhusiwa.

Ni balaa kuwa na wanafunzi wanaosikiliza. Odilia aliinua chupa ya maji ya moto, akamimina. Yamandú alinyoosha mkono, maana zamu ilikuwa yake, kibuyu kikampita. Kikamfikia Elbia. Elbia alikishika kwa mikono miwili, akavuta, akakunja uso, maana uchungu hakuwahi kuuweza tangu utotoni, akavuta tena mpaka mrija ukakoroma. Kisha akakirudisha.

"Zulma," Odilia alisema, "sukari ya wageni iko wapi?"

Sukari ikaja. Odilia alichota kijiko, mkono ukasita juu ya kibuyu cha mama, kisha akakimwaga kijiko chote ndani. Akamimina maji.

"Mwambie mwandishi kwamba..."

"Mwambie mwenyewe," Zulma alisema. "Mimi nimechoka. Si huyo hapo?"

Odilia alimgeukia mdogo wake. "Elbia. Imekolea?"

Elbia alionja. Akamtazama dada yake, macho yamejaa machozi, akaweka kidole midomoni na kutikisa kichwa. Mwandishi hasemi.

"Aa, wewe!" Odilia alitafuta chaki, hakuiona, akaipiga meza kwa kiganja mpaka kijiko kikaruka. "Mjadala umefungwa! Umefungwa, Elbia! Sema!"

"Bado kichungu, dada," Elbia alisema. "Ongeza."