Mbwa Aliyeitwa Mgeni

Fundi cherehani huzungumza pini zikiwa midomoni, ndiyo maana sauti yake hutoka nyembamba kama uzi. Siku alipokwenda kumchukua yule mbwa wa makamo kwa mama anayelea mbwa waliookolewa, mama alimwambia, "Huyu tunamwita Mgeni, baba. Wote hapa nawaita Mgeni, nisije nikawazoea." Basi ikawa kazi. Mteja akipiga hodi, fundi hujibu kama kawaida yake, "Karibu, mgeni," na mbwa, aliyelala kizingitini nusu ndani nusu nje, huinuka kwa adabu, akaingia hatua mbili, kisha akarudi palepale. Fundi hamvuti. Hushona tu, vumbi la vitambaa likielea kwenye mwanga wa dirisha, na mara nyingine hunong'ona "karibu, mgeni" mlangoni pasipo na mtu.

Leo mama mmoja kaja na gauni la kupunguza. "Hodi!" "Karibu, mgeni!" Mbwa hakuinua hata sikio. Alikuwa chini ya cherehani, kidevu juu ya kiatu cha fundi. Cherehani ikanyamaza.

"Mbwa wako anaitwa nani?"

Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja.

"Alikuwa Mgeni," akasema, wala mguu hakuusogeza.