Kosa la Kwanza Lilikuwa Mstari wa Pili

Wifi yangu ana tabia moja inayonitia aibu mbele za watu. Akikutana na mtu aliyevaa sweta la kufumwa kwa mkono, salamu baadaye. Kwanza anashika pindo, analigeuza, anatazama ndani. Kwa nje, anasema, kila mtu ni fundi. Amewahi kumfanyia hivyo daktari aliyekuwa anampima presha, na daktari wa watu akabaki ameduwaa na kifaa chake mkononi. Mimi nilitazama ukutani nikajifanya sikuja naye.

Mtaani wanamwita Mama Sweta. Chumba cha mbele cha nyumba yake kina mashine mbili za kufumia, meza ya pasi, na rafu iliyojaa madonge ya uzi wa rangi za shule. Kwa miaka zaidi ya thelathini amewavalisha watoto wa shule nne. Lakini mashine kwake ni kazi tu. Starehe yake ilikuwa sindano mbili za mkono na kiti cha dirishani, anafuma bila hata kutazama, huku anasikiliza umbea wako na kukusahihisha tarehe. Nguo yenye kosa haikuwahi kutoka mlangoni mwake. Akiona kitanzi kimoja kimepinda mistari ishirini nyuma, anafumua yote ishirini, hata kama mwenye nguo amesimama hapo anatazama saa. Nilimwambia mara nyingi kwamba hakuna atakayekiona. Alinijibu kwamba yeye ameshakiona.

Mume wake alikuwa kaka yangu, fundi wa lifti, mtu wa utani, mwenye mikono mizito na kidole kimoja kilichokatika ncha kazini. Moyo ulipoanza kumsumbua, daktari alimkataza kubeba vitu na kupanda ngazi. Alicheka sana: fundi wa lifti, halafu anakatazwa ngazi. Akakaa nyumbani. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa ametengeneza kila kilichoharibika na ameanza kutengeneza vilivyo vizima. Redio iliyokuwa inaongea vizuri ikanyamaza moja kwa moja. Ndipo wifi alipomtupia sindano mbili na donge la uzi wa kijivu, akamwambia atulie mahali pamoja.

Tulidhani ataacha baada ya siku mbili. Hakuacha. Alitangaza kwamba anamfumia mke wake skafu.

“Umewavalisha watu wote,” alimwambia. “Wewe nani amekuvalisha?”

Na kweli, hakuna aliyewahi. Nani angethubutu kumpelekea Mama Sweta kitu cha kufumwa, akigeuze na kutazama ndani?

Kaka alifuma vibaya, na sisemi hivyo kwa sababu ni ndugu yangu. Skafu ilianza na upana wa kiganja, ikanenepa, ikakonda, ikanenepa tena. Mstari wa pili tu alidondosha kitanzi, pakatokea tundu la kupitisha kidole, na kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alionyeshwa tundu hilo kabla hajakaribishwa kiti. Wifi alikaa kando anajiuma midomo. Alivumilia siku nne. Siku ya tano, mchana, kaka amelala, akaichukua skafu akaifumua yote, akamfumia upya mistari ileile, imenyooka kama rula.

Nilikuwepo alipoamka. Aliishika, akaipitisha vidoleni.

“Hii siyo yangu,” akasema.

Laiti angefoka. Alichomoa sindano polepole, akavuta uzi mpaka kazi ya wifi ikaisha, akaanza tena kitanzi cha kwanza. Mstari wa pili akadondosha kitanzi, kwa makusudi au kwa uzito wa mikono sijui, na tundu likarudi mahali pake. Wifi aliomba radhi. Akaahidi kwamba hataigusa skafu ile hata kwa kidole mpaka iishe, na ataivaa na makosa yake yote. Aliitunza ahadi hiyo kwa miezi saba, na namjua, ilimgharimu.

Kaka alifariki asubuhi moja, skafu ikiwa na urefu wa mkono na nusu, katikati ya mstari.

Baada ya mazishi wifi aliiweka kwenye mfuko wa kitambaa, sindano zikiwa humohumo, akaifungia kabatini. Mashine zilirudi kulia kwa sababu shule hazisubiri msiba wa mtu. Sindano za mkono hakuzishika tena. Kiti cha dirishani kikawa cha kuwekea nguo zisizopigwa pasi. Miezi kumi na moja ikapita hivyo.

Halafu siku ya kusafisha kabati mfuko ukaanguka, na sindano moja ikachomoka. Asiyefuma hawezi kuelewa kwa nini hilo ni janga, hata mimi ilibidi nielezwe. Vitanzi vilivyo wazi havina kinachovishika. Kila ukigusa, kimoja kinaporomoka mstari mmoja chini, kisha wa pili, na kazi nzima inaweza kuondoka hivyo. Alinipigia simu kazini, nikamkuta amesimama mbele ya meza, mikono ameiweka nyuma kama mtoto aliyekatazwa kushika. Skafu ilikuwa imelazwa mbele yake. Vitanzi sita vilishaporomoka.

Nilimwambia, si udake tu hivyo vitanzi na ufunge, kazi ya dakika kumi kwako.

“Najijua, wifi,” akasema. “Nikiishika nitaisahihisha. Mikono hii hainisikilizi.”

Alichotaka kilikuwa kidogo sana: mtu mwenye ujuzi, asiyekuwa yeye, avidake vitanzi, afunge mstari wa mwisho, aache kila kosa pale lilipo. Basi. Aivae.

Tamasha la ufumaji nililiona mimi, kwenye tangazo la dukani anakonunua uzi. Siku mbili, ndani ya ukumbi wa michezo, na chini kabisa waliandika kwamba kutakuwa na kliniki, meza ya mafundi wa kujitolea, lete kazi yako iliyoharibika. Niliomba ruhusa masjala ya hospitali, ninakofanya kazi, nikamburuta. Alikubali kwa masharti, kama kawaida yake, na akajishonea mfuko mpya wa kubebea skafu ili isiguswe njiani.

Sijawahi kuona uzi mwingi kiasi kile. Ulikuwa umetundikwa pale wanapotundika nyavu za mpira, umerundikwa kwenye viti vya watazamaji, mwingine umetiwa rangi kwa mikono, hakuna vifungu viwili vilivyofanana. Wifi aliingia akiwa amenuna. Kwenye meza ya tatu alichukua kifungu cha sufu akakisugulia shingoni, maana wafumaji hawaamini vidole, wanaamini shingo. Meza ya tano alikuwa anabishana na muuzaji. Tulipofika kwenye benchi la wanawake wanaofuma soksi huku wanapiga soga, mmoja wao alinyanyuka, hakusalimu, akashika pindo la sweta la wifi, akaligeuza. Wote wakainama kutazama ndani. Wakapiga mluzi. Wifi alicheka, kicheko chake cha zamani kabisa, cha kutoka tumboni, nami nikageukia pembeni nikafuta macho.

Kwa sababu ya kicheko kile nikamwambia akae nao, foleni ya kliniki nitasimama mimi. Alisita. Kisha akanipa mfuko, akarudia maelezo mara mbili, na mara ya pili akataka niyaseme kwa mdomo wangu: ni kazi ya marehemu, mdake vitanzi, mfunge, msiguse kingine. Nikayasema. Nilikuwa nayo yote kichwani.

Kwenye meza alikuwepo mama mmoja mpole, miwani moja machoni na nyingine kichwani. Alitoa skafu taratibu, akaitandaza. Akapitisha kidole kwenye lile tundu la mstari wa pili na akatabasamu.

“Ya mtu anayejifunza?” akauliza.

Mimi nashinda na mafaili. Neno marehemu naliandika kila siku, kwa watu wa wenzangu, kwa kalamu nyekundu, juu ya jalada, na mkono hautetemeki. Pale ukumbini watu wanacheka, watoto wanakimbizana na madonge ya uzi, mama wa watu ananitazama kwa wema, mdomo ukanigomea. Nilishindwa kumwambia mgeni kwamba kaka yangu amekufa.

“Ndiyo,” nikasema. “Anajifunza.”

“Basi tutamsaidia,” akasema.

Nilimwambia wafunge tu. Aliitikia kwa kichwa, kama mafundi wanavyotuitikia sisi tusiojua, akaniambia nirudi baada ya nusu saa kwa sababu kazi zilikuwa nyingi. Nikaenda kutafuta chai. Kwa nini sikusimama pale? Nimejiuliza mpaka nimechoka, na ninachopata ni kwamba miguu ilikuwa inauma.

Wafumaji wana desturi yao. Kwa mtu anayejifunza, kumfungia kazi yenye makosa wanaona ni kumdharau. Wanamfumulia mpaka pale alipokosea mara ya kwanza, halafu wanamwanzishia mistari michache iliyonyooka ili mkono wake upate pa kufuata. Hawadai chochote. Wifi mwenyewe amewafanyia hivyo wasichana wengi katika chumba chake cha mbele, na wengine wamekuwa mafundi. Na kosa la kwanza la kaka yangu lilikuwa mstari wa pili.

Tulirudi mezani wote wawili, yeye ana vifungu viwili vya uzi kwapani, ananisimulia habari za soksi. Mama wa miwani alitukabidhi mfuko kwa furaha. Ndani mlikuwa na donge la uzi wa kijivu lililokunjwa vizuri, na sindano yenye mistari kumi, safi, imenyooka.

“Mwambie asikate tamaa,” aliniambia. “Mwanzo ni mgumu kwa kila mtu.”

Nilimtazama wifi. Alichukua ile mistari kumi, akaigeuza, akatazama ndani. Nadhani mikono ilifanya yenyewe. Alitazama muda mrefu mpaka yule mama akaanza kuwa na wasiwasi, akauliza kama kuna tatizo.

“Hapana,” wifi akasema. “Kazi yako ni safi. Asante, dada.”

Akairudisha mfukoni, akatoka. Vile vifungu viwili alivyonunua aliviacha palepale mezani, nikavibeba mimi.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za nje. Nikakaa ngazi ya chini yake ili asiuone uso wangu, nikamweleza yote: swali la yule mama, jibu langu, chai. Sikujitetea. Nilingoja anifokee, na ningeshukuru, maana ana ulimi huyu, na mimi pia ninao, tungetupiana maneno yakaisha. Lakini aliniwekea mkono begani.

“Mimi ningefanya vilevile,” akasema. “Nilishawahi kufanya.”

Akanyanyuka, tukarudi nyumbani.

Siku kadhaa hakupokea simu zangu. Jumamosi ya tatu nilikwenda bila taarifa, saa nne asubuhi, nikakuta nguo zimeondolewa kwenye kiti cha dirishani na yeye amekaa hapo na sindano za mkono. Nilifurahi kwa sekunde mbili. Halafu nikaona uzi. Ulikuwa uleule wa kijivu, bado umejikunjakunja kwa namna ulivyokaa katika vitanzi vya kaka. Uzi uliofumuliwa huoshwa kwanza ili unyooke. Huu hakuuosha.

Alikuwa anajaribu kuifuma skafu upya, vibaya kama ilivyokuwa. Mistari arobaini na kitu, na yote imenyooka. Alinieleza kwamba kila anapotaka kudondosha kitanzi, kidole kinakidaka kabla hajawaza. Anajilazimisha kulegeza, baada ya vitanzi vitatu mkono umeshajirekebisha. Alifumba macho, akajaribu kwa mkono wa kushoto, akajaribu akiwa amechoka. Alinieleza hayo yote kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeelezea mashine iliyogoma.

Halafu akafumua mpaka mwanzo, akanipa sindano.

“Fuma wewe,” akasema. “Wewe hujui. Na ni damu yake.”

Maishani mwangu sijafuma hata kitambaa cha kushikia sufuria. Alinionyesha mara moja, akatazama pembeni. Nilifuma asubuhi nzima. Nilidondosha vitanzi, nikaokota visivyokuwepo, nikapata upana wa kiganja, kisha wa viganja viwili. Nilitokwa jasho. Kwa kila kosa nililolifanya nilishukuru moyoni, nikawaza, labda hili, labda hili lilikuwa lake. Kufikia adhuhuri nilikuwa na kipande kibaya sana, na nilimpa kwa mikono miwili.

Alikitandaza mapajani. Hakukigeuza. Alipitisha kidole mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, polepole, kila mstari toka mwanzo hadi mwisho, kama anayetafuta kitu alichokipoteza hapo.

“Siyo,” akasema.

Nikamwambia nitajaribu tena, nitakosea zaidi. Akatikisa kichwa.

“Yeye alikuwa anasimama katikati ya mstari avute pumzi. Hapo uzi unalegea kidogo. Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa mstari. Mwishoni ilikuwa kila vitanzi viwili. Nilikuwa nakaa hapa nahesabu.” Alikikunja kile kipande, akanirudishia. “Wewe una pumzi, wifi. Unamaliza mstari wote bila kusimama.”